Nilivyoutibu Mguu Wangu Kama wa Ng'ombe

Kama una sukari kwenye damu na kidonda mguuni, na sasa hivi umekaa mahali ukijiuliza kama mguu utabaki ama utaenda, haya ninakuandikia wewe. Mimi si daktari. Shule niliiacha darasa la sita, na hata hilo la sita sikulimaliza vizuri. Lakini mguu wangu ninao, niliupigania, kwa hivyo nina haki ya kusema.

Kwanza mnijue. Hapa Gakindu, na ukishuka mpaka mtoni upande tena ng'ambo, hakuna mwenye ng'ombe asiyenijua. Nilianza nikitembea boma kwa boma na dawa ya minyoo kwenye gunia. Leo nina duka la agroveti, la dawa na vyakula vya mifugo, la milango miwili, bati jekundu, na jina langu limeandikwa juu kwa herufi ambazo ukiwa unachuma kahawa kilima kile kingine unazisoma bila taabu. Nimeuzia mpaka mashamba makubwa ya huko Nanyuki. Watu wenye digrii zao wamesimama mbele ya kaunta yangu wakiuliza ng'ombe wao ana nini, nikawajibu bila kufungua kitabu. Wengine husema najisifu. Wacha waseme. Mimi nataja yaliyopo.

Sukari iliniingia polepole. Kiu isiyokatika, kwenda haja ndogo kila saa, suruali kulegea mpaka nikatoboa mshipi tundu jipya. Nilidhani ni kazi. Nilipopimwa nikaambiwa ni sukari, nikapewa vidonge virefu vyeupe, nimeze na chakula cha jioni. Nikavichukua kama mtu anayechukua risiti, nikarudi kazini.

Mvua ndefu ilipoanza nilikuwa nimevaa gamubuti siku nzima, nikitia ng'ombe hereni za masikio, zile za namba. Jioni nikavua. Mke wangu, Mama Muthoni, akasimama na beseni mkononi.

"Baba Muthoni, umekanyaga nini? Soksi imejaa damu."

"Damu gani?"

Akapindua gamubuti. Pini ya hereni ya ng'ombe ikaanguka sakafuni. Ilikuwa imenidunga chini ya kidole kikubwa cha mguu wa kulia tangu asubuhi, na mimi sikuhisi kitu.

"Unaona mwanamume?" nikamwambia. "Mwingine angelia."

Hakucheka. Nami sikujua kwamba kutohisi ndiyo habari mbaya yenyewe. Sukari ilikuwa imeanza kuua mishipa ya fahamu ya mguu. Wewe ukiona umekanyaga kitu na huumwi, usifurahi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kidonda kilipokataa kufunga nikaenda kliniki. Nikapewa mfuko wa dawa: vile vidonge virefu vya sukari, kapsuli za rangi mbili za kuua viini, na vidonge vidogo vya maumivu. Nikaambiwa namna ya kutumia. Kweli niliambiwa, lakini nilikuwa naitikia kichwa huku nikiwaza mzigo wa chumvi ya ng'ombe uliokuwa unaningoja stendi. Na tena, mtu wa dawa kama mimi aambiwe nini kuhusu dawa?

Sasa sikiliza nilichofanya. Ng'ombe hamezi kidonge kwa kuombwa. Kidonge chake ni kikubwa kama kidole. Unakiponda, unatia unga kwenye chupa, unaweka maji, unatikisa. Unamshika pua, unainua kichwa, unamimina kando ya mdomo. Nimenywesha ng'ombe namna hiyo tangu nikiwa kijana na hawakufa. Vile vidonge vya sukari vilikuwa vinanikwama kooni, kwa hivyo nikaviponda katikati ya vijiko viwili, nikatia kwenye chupa ya soda, nikatikisa, nikainua kichwa. Twaa! Nikajiona nimewashinda watu wa kliniki.

Na zile kapsuli? Niliona huo ni ujanja wa viwanda, unga umefungiwa kwenye plastiki ili uonekane wa maana. Kidonda cha ng'ombe mtu hunyunyizia unga. Basi jioni nazifungua moja moja, unga wote namwaga juu ya kidonda, maganda natupa motoni. Dawa nikaipeleka palipo na ugonjwa. Niambie kosa liko wapi? Mimi mwenyewe sikuliona.

Tumbo ndilo lililoanza kulalamika. Kila nikinywa ile chupa, kabla taarifa ya habari haijaisha nishakimbia choo. Nikatapika mpaka macho yakatoa machozi. Nikasema dawa hizi ni mbaya, nikawa nakunywa leo, naruka kesho. Kidonda nacho kilikauka juu, kikafanya gamba zuri, nami nikakionyesha wateja dukani. Chini ya gamba kulikuwa na mambo mengine.

Baridi ya Julai ikaja, ile ya ukungu inayokaa kwenye kahawa mpaka adhuhuri. Mguu ukavimba. Ukawa na harufu. Mama Muthoni alikuwa anausafisha kila asubuhi kwa maji ya chumvi, uso ameugeuza pembeni. Nami nilikuwa mkali. Maji yakiwa moto nafoka, yakiwa baridi nafoka. Nikimwona ameziba pua nafoka zaidi.

Binti yetu Muthoni hufanya kazi hotelini Nanyuki. Akaja siku moja na mkate na majani ya chai, hakufika hata kwenye kiti.

"Mama, hii nyumba inanuka nini?"

"Ni mguu wa babako."

"Na umekaa nao hivi?"

"Sasa ningemwambia nini mimi? Huyu si ni daktari wa ng'ombe?"

"Baba, vaa koti. Tunaenda Nyeri."

"Kesho. Leo niko na watu wa—"

"Baba, ati watu? Watu watakuja kukuona na kiti cha magurudumu. Vaa koti."

Huyo msichana amenirithi mimi, si mamake. Nikavaa koti.

Kama hujawahi kungojea kwenye benchi la hospitali, nikwambie linavyokwenda. Mtu wa mbele akiingia kwa daktari, wote mnasogea nafasi moja. Mimi nilipoketi, mama aliyekuwa kando yangu akavuta leso puani. Kisha akakumbuka kuna mtu anataka kumsalimia upande ule. Kijana akasimama kunyoosha mgongo, na hakurudi. Baada ya muda benchi lote lilikuwa langu. Mimi nikiingia kanisani watu hunipisha kwa heshima. Siku hiyo walinipisha kwa sababu ya pua zao. Mke wangu akanishika mkono, jambo ambalo watu wa rika letu hatufanyi mbele za watu, na nikamwacha aushike.

Ndipo mzee mmoja akaja akichechemea mpaka kwetu, kofia ya kufuma kichwani, akaketi karibu kabisa. Ni mtu wa Majengo, mtaa wa pale Nyeri mjini, huitwa Baba Rashidi.

"Mzee, nanuka," nikamwambia mapema.

"Nimekaanga sambusa za vitunguu maisha yangu yote. Pua yangu ilishastaafu."

Akapandisha suruali kidogo nikaona mguu wa bandia.

"Wako ulienda wapi?"

"Ulitangulia," akasema, akacheka peke yake. "Nilikuwa mjuaji, ndugu yangu. Nilipewa dawa nikaambiwa nimalize. Kidonda kilipokauka juu, nikaziweka zilizobaki za siku nyingine. Na wewe je, ni mjuaji?"

"Mimi ni mtu wa dawa. Niko na agroveti."

Akanitazama, akamtazama mke wangu. "Shemeji, pole," akasema.

Mama Muthoni akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mvua iishe.

Daktari mpasuaji alikuwa mtu wa maneno machache. Alibonyeza mguu hapa na pale, akachoma kidogo kwa kitu chenye ncha, akauliza nahisi? Sihisi. Hapa? Sihisi. Kisha akaniambia nilazwe.

"Viini vimeingia ndani. Tutakwangua nyama iliyokufa na tutakupa dawa kali kwa dripu. Tutangoja mpaka Jumatatu. Vikipanda kupita kifundo, nitakata hapa." Akachora mstari kwa kidole chini ya goti langu.

"Daktari, chukua kidole sasa hivi, uniachie mguu."

"Mimi sifanyi biashara ya mguu, mzee. Ni mguu wenyewe utakaosema."

Nimezoea kupatana bei. Hapo hapakuwa na bei. Nikalala kwenye kile kitanda nikiutazama mguu wangu wa kulia, huu ulionibeba na gunia boma kwa boma.

Siku iliyofuata akaja msichana wa dawa. Si sista, ni yule anayehusika na dawa zenyewe, zinavyotolewa na zinavyotumiwa. Anaitwa Kagendo, Mmeru wa upande ule mwingine wa mlima, mdogo kuliko binti yangu.

"Mzee, hizi dawa nyumbani ulikuwa unazitumia aje?"

"Vizuri sana."

"Nionyeshe."

Nikachukua chupa yangu ya maji, nikamwonyesha yote. Naponda hivi, natikisa hivi, nainua kichwa, twaa. Kapsuli nafungua, namwaga hapa. Wodi nzima ikacheka, hata aliyekuwa amelala na bomba puani. Yeye hakucheka. Akavuta kiti.

"Ati wewe ni mtu wa agroveti?"

"Mtu wa agroveti? Mimi ndiye agroveti."

"Basi nifundishe. Ile dawa ya kupe, ya kuogesha. Naweza kumnywesha ng'ombe?"

"Wewe! Unataka kumuua?"

"Si ni dawa?"

"Ni ya ngozi hiyo!"

"Na ule mrija wa ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, ule unaingizwa kwenye chuchu. Nikimdunga nao shingoni?"

"Msichana, nani alikupa kazi? Huo umetengenezewa chuchu."

"Sawa. Na kile kidonge kizito cha madini, kile cha kukaa tumboni?"

"Hicho nimekiuza Nanyuki kwa wazungu. Kinakaa tumboni msimu mzima, kinayeyuka kidogo kidogo."

"Mtu akikiponda?"

"Huyo hana akili. Madini yote yatatoka mara moja, ng'ombe atahara mpaka…"

Kagendo akatoa kwenye mfuko wangu kimoja cha vile vidonge virefu vyeupe, akakiweka kwenye kiganja changu.

"Hiki chako kimetengenezwa hivyo hivyo, baba. Kiachilie dawa polepole usiku kucha na kesho yake. Ukikiponda, yote inamwagika tumboni mara moja. Tumbo linakimbia. Halafu saa zinazobaki huna dawa, sukari inapanda inavyotaka. Na viini vinapenda sukari."

"Na kapsuli?"

"Lile ganda si plastiki. Linayeyuka tumboni, dawa inaingia kwa damu, na damu ndiyo inaifikisha chini kabisa ya kidonda, mpaka kwa mfupa. Mkono wako unafika huko? Ulikuwa unakausha juu, na viini viko chini vinakula."

"Sasa kidonge kikikwama kooni?"

"Unarudi, unasema kinakwama. Kuna vidogo, kuna vya kuyeyushwa, kuna dawa za maji. Tukikupa kidonge, umbo lake ni sehemu ya dawa. Hakuna mtu alikukataza kuuliza."

Sikusema samahani, mimi si mtu wa samahani. Nikamwambia, "Nipe moja nimeze ukiniona." Ilikuwa kapsuli ya kulinda tumbo. Nikaitia mdomoni, nikainua kichwa juu kama nilivyozoea.

"Hapana! Kapsuli ni nyepesi, inaelea. Ukiinua kichwa inabaki mbele. Inamisha kidevu kifuani, halafu meza."

Nikainamisha kidevu. Ikapita kama haikuwepo. Miaka yote hiyo, jamani, na koo langu halikuwa na shida yoyote. Baba wa watu nilikuwa nameza dawa kama ndama.

Kuanzia hapo nikawa mtu mwingine kwenye ile wodi. Kila aliyeniletea kitu nilimuuliza: hii ni ya kufanya nini, inaingilia wapi, inakaa mwilini muda gani, niache lini? Ile ya dripu ni ya kuua viini, imeletwa kwa mshipa kwa sababu hakuna wakati wa kupitia tumboni. Insulini ni ya kushusha sukari, inadungwa kwa sababu ikimezwa tumbo linaisaga kama nyama. Ya maumivu haiponyi kitu, inakutuliza tu, na wengine huidhania ndiyo dawa kwa sababu ndiyo unaihisi. Masista walinichoka. Mmoja akasema, "Mzee, hata wanafunzi wetu hawaulizi hivi." Nikamwambia wanafunzi wenu hawana mguu wa kupoteza.

Kukwanguliwa kidonda sitakuficha. Mguu haukuhisi, lakini macho yalihisi. Mama Muthoni alisimama karibu na dirisha akitazama mlima, na ukungu ulikuwa umeufunika wote, kwa hivyo hakuwa anatazama chochote.

Jumatatu daktari akaja na kundi lake. Akafungua bandeji polepole, akabonyeza kifundo, akabonyeza juu yake. Akanusa. Ndiyo, alinusa kama mpishi.

"Vimesimama," akasema. "Kidole kikubwa kinaenda. Mguu tunaendelea kuungoja."

Kwa hivyo kidole kikaenda. Nimeshakiaga. Kuna watu huniuliza kama kinaniuma kukikosa, na mimi huwauliza kama wao hutumia chao kufanya nini.

Usidhani kurudi nyumbani ndio mwisho. Hapo ndipo wengi huupoteza mguu. Nilipewa kapsuli za kumalizia na nikazimaliza, hata baada ya kidonda kuanza kuonekana chekundu na kizuri. Insulini nikajidunga mwenyewe, na mkono wangu hautetemeki, nimedunga ng'ombe wa mateke. Ila nako nilikosea mara moja. Ukishadunga ng'ombe unasugua pale ili dawa isambae. Nikadunga paja, nikasugua kwa nguvu, nikaenda kupanga magunia ya chakula cha kuku. Insulini ikaingia damuni haraka mno, sukari ikaanguka: jasho likanitoka, duka likaanza kuzunguka, mdomo ukawa mzito. Mama Muthoni aliniona nimeegemea gunia nikiongea maneno yasiyo na maana. Akanitia kinywani chai ya sukari, sukari nyingi kama ya harusi.

"Hata sasa nisifoke?" akaniuliza nilipopata fahamu. "Ulikuwa unasugua? Baba Muthoni, ulikuwa unasugua?"

"Kidogo."

"Wewe utaniua kabla hujakufa."

Alifoka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mwizi. Nikamwacha afoke. Alikuwa ananidai miezi mingi ya kufokewa.

Kahawa ikaiva. Mwaka huo sikuchuma hata debe moja, nilikaa kwenye kiti mlangoni, mguu juu ya kigoda, nikiwaona wachumaji wakipita kuelekea kiwandani na magunia. Watu walisimama kunipa pole, na wengine walitazama chini kwanza kuona kama mguu uko. Niliwaonyesha. Kila baada ya majuma machache tulirudi Nyeri, wakapima, wakakwangua kidogo, wakafunga. Kidonda kilikuwa kama sahani, kikawa kama kifuniko cha chupa, kikawa kama punje ya mahindi. Ni kazi ya kuchosha kuliko biashara yoyote niliyofanya. Hakuna siku utakayoamka uone muujiza. Unameza, unadunga, unaosha, unafunga, unakagua viatu ndani kwa mkono kabla ya kuvaa, kesho tena.

Mwisho wa msimu, lori la mwisho la kahawa likiwa limeshaondoka, daktari alifungua bandeji na hakuchukua nyingine. Akapitisha kidole gumba juu ya kovu.

"Kimefunga," akasema. "Nenda ukachunge huo mguu kama mtoto mchanga."

Tulirudi nyumbani. Nilipofika nilitembea kutoka barabarani mpaka mlangoni kwa miguu yangu, polepole, na nikajisifu kwa sauti njia nzima ili majirani wasikie. Mama Muthoni hakunifuata ndani. Alienda stoo ya kahawa akakaa kidogo, akarudi amebeba kitu kilichofungwa kwa gunia. Akakilaza miguuni pangu.

Nikafungua. Ilikuwa jozi ya magongo. Ya mbao nzuri, yamepigwa msasa, na kwapani yamefungwa kitambaa cha koti langu kuukuu.

"Haya ni ya nani?"

"Yako. Nilimwambia fundi ayatengeneze ile wiki ya kungoja Jumatatu."

"Kwa hivyo wewe ulishaukata. Mimi napigania roho kule kitandani, wewe umeshaukata huku!"

"Sikuukata," akasema, na sauti haikupanda. "Nilisema kama watakurudisha na mmoja, hutalala kwa kitanda changu ukijihurumia hata siku moja. Siku hiyo hiyo ungesimama, ungeenda dukani. Nilikupima ukiwa umelala, kwa kamba ya kitenge."

Na mimi nilidhani niliupigania mguu peke yangu. Nikasimama, nikayaweka kwapani, nikapiga hatua kuzunguka meza. Yalinitosha barabara.

"Basi yatoe hapa," nikamwambia. "Tumpe mtu."

"Hapana. Yakae."

Yako stoo mpaka leo, nyuma ya magunia, yamesimama wima yakiningoja. Wacha yangoje.